Mtandao ukikatika, na mtoa huduma akasema "tatizo liko juu"

SWALI: Nina steshenari mjini Morogoro. Nachapisha, naombea watu ajira na mikopo ya wanafunzi mtandaoni, na siku ya mwisho ya kutuma maombi foleni hufika nje. Nalipa shilingi 120,000 kwa mwezi kwa kampuni ndogo ya faiba. Mtandao hukatika mara tatu au nne kwa mwezi, kwa muda wa saa nne au tano kila mara, na nikipiga simu jibu ni lile lile: "Tatizo liko kwa mtoa huduma wetu wa juu, tunaomba uvumilivu." Jirani yangu anatumia kampuni nyingine kabisa, na naye hukatikiwa saa ile ile. Huyo wa juu ni nani? Wananiambia kweli, au napigwa chenga? Na nikidai fidia, nitaipata?

JIBU: Ndugu msomaji, jibu unalopewa mara nyingi huwa la kweli, na bado halimwondolei anayelitoa wajibu wowote. Kampuni yako haina intaneti yake. Inachokuuzia ni njia ya kuifikia, na sehemu kubwa ya kazi unayoilipia ni kuchagua njia hiyo inunuliwe kwa nani, ipite wapi, na iwekwe akiba kiasi gani ikifungwa. Mama lishe aliyeishiwa gesi hamwambii mteja akadai wali kwa muuza gesi. Hilo la jirani yako, ambalo umelitaja kwa kupita tu, ndilo jambo zito kuliko yote katika barua yako, nami nitalirudia.

Kwanza tumjue huyo wa juu, kwa kuwa kwa hali ya Morogoro hayuko mmoja. Ukifungua ukurasa dukani, ombi lako linatoka kwenye kompyuta, linapita kwenye ruta na kuingia kwenye uzi wa faiba hadi kituo kidogo cha kampuni yako hapo mjini. Kuanzia hapo kampuni ndogo kwa kawaida haina waya wake wa kufika Dar es Salaam. Hukodi nafasi kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani faiba ya serikali inayounganisha mikoa, au kwenye faiba ya kampuni kubwa, karibu kilomita 200 zinazofuata barabara kuu, pamoja na magreda na mashimo yote ya barabara hiyo. Huyo ndiye wa juu wa kwanza. Dar es Salaam data hugawanyika: inayokwenda kwa Watanzania wenzako inaweza kubadilishwa papo hapo kwenye TIX, kituo cha kubadilishana data ambacho kimekuwepo tangu 2004, na inayokwenda nje hukabidhiwa kwa muuzaji wa jumla, ambaye ni wa juu wa pili. Muuzaji huyo naye hutegemea wenye kebo za chini ya bahari. Kwa hiyo mtu wa huduma kwa wateja akisema "tatizo liko juu" bila kueleza ni juu ya wapi, amekupa sentensi ambayo inaweza kumaanisha greda lililokata waya pale Chalinze au hitilafu iliyo maelfu ya kilomita kutoka kwako, na mambo hayo mawili hayatengenezwi kwa muda mmoja.

Kebo za bahari ndizo zinazosingiziwa zaidi, basi tuziangalie kwa karibu. Kabla ya 2009 nchi za pwani yetu ziliwasiliana na dunia kwa setelaiti, kwa gharama kubwa na kwa ucheleweshaji uliochosha. Mwaka huo ikaingia Seacom, inayotua Dar es Salaam na Mombasa, na ikaja TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ikafuata EASSy, inayoshuka kutoka Port Sudan hadi Mtunzini, Afrika Kusini, na kutua Dar es Salaam njiani. Kule kwenye kina kirefu kebo ya namna hii haizidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Duniani kote hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kwa mwaka katika kebo hizi, na nyingi husababishwa na nyavu za uvuvi na nanga za meli. Wakenya walilionja hilo Februari 2012, pale nanga ya meli nje ya bandari ya Mombasa ilipoikata TEAMS.

Funzo kubwa kwa Tanzania lilikuja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, ila kulielewa inabidi kurudi nyuma miezi mitatu. Februari mwaka huo meli ya mizigo Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, katika Bahari ya Shamu. Mabaharia wakaiacha, nayo ikaelea ikiburuta nanga yake. Kebo tatu zikakatika: AAE-1, EIG na upande wa kaskazini wa Seacom. Kutengeneza kebo kwenye maji ya vita kunataka vibali ambavyo havipatikani kwa wiki moja, kwa hiyo data iliyozoea kupanda kwenda Ulaya kupitia kaskazini ikageuzwa ishuke kusini. Wateja wengi hawakugundua lolote. Ndipo Mei, kwenye upande huo wa kusini uliokuwa umebeba mzigo wa ziada, Seacom na EASSy zikapata hitilafu kwa pamoja. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alitangaza kwamba tatizo lilikuwa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, iliyoegemea mno kebo hizo mbili, iliumia vibaya. Kenya nayo iliyumba, lakini ilikuwa na TEAMS, ambayo haipiti kusini wala haiingii Bahari ya Shamu, na baadhi ya kampuni zilihamishia mzigo huko.

Kwenye hesabu za karatasi, siku ile mtoa huduma wa Dar es Salaam aliyenunua nafasi Seacom na akanunua nyingine EASSy alikuwa na njia mbili. Kwenye ramani ya bahari alikuwa na njia moja yenye majina mawili. Hapo ndipo ninapotaka macho yako yaelekee, kwa kuwa tatizo la mtaani kwako linaelekea kuwa hilo hilo kwa umbo dogo.

Njia moja ikifa, mitandao hufahamishana kwa itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano kati ya mashine, iitwayo BGP. Kila mtandao huwatangazia majirani zake anwani ambazo unaweza kuzifikia, na tangazo likiondolewa, ruta hutafuta njia nyingine zenyewe bila mtu kugusa kitu. Kazi hiyo huchukua sekunde, pengine dakika chache. Kikwazo huwa ni nafasi. Mtoa huduma aliyenunua uwezo wa kutosha kwenye njia kuu na akanunua kidogo kwenye ya akiba, ili bei yake iwe rahisi, atahamisha gari la mizigo kwenye kijia cha baiskeli: mtandao utakuwa "upo", taa zote zitawaka, na fomu ya mteja wako itazunguka nusu saa bila kufunguka. Aliyekwambia kuwa huduma imerejea hakudanganya. Amekurejeshea njia ambayo hakuilipia nafasi ya kutosha.

Mahali vitu vilipohifadhiwa ndipo panapoeleza kioja kingine ambacho bila shaka umekiona, kwamba video zinacheza lakini tovuti ya kuombea kazi haifunguki, au kinyume chake. Kampuni kubwa za maudhui huweka nakala za vitu vinavyotazamwa sana kwenye seva zilizo karibu na wateja, hata ndani ya vituo vya watoa huduma wenyewe, hivyo video iliyokwisha kutazamwa na maelfu haina haja ya kuvuka bahari. Mifumo iliyohifadhiwa kwenye vituo vya data hapa nchini nayo huweza kuendelea kufikika. Kuna tovuti nyingi za Kitanzania, hata za mashirika yenye jengo lake Posta, ambazo zimehifadhiwa Ulaya au Marekani kwa sababu ni rahisi. Kebo ikikatika, zinapotea machoni mwa Mtanzania aliye mita 300 kutoka kwenye jengo hilo. Nimewahi kuulizwa na mwenye tovuti ya namna hiyo kwa nini "seva yetu imezima". Seva haikuwa imezima, ilikuwa ng'ambo ikiwahudumia wageni vizuri kabisa.

Sasa uchunguzi, ambao unaweza kuufanya mwenyewe ukiwa kaunta. Tazama kisanduku cheupe ambacho uzi wa faiba unaingia. Kina taa iliyoandikwa PON na nyingine iliyoandikwa LOS. Ikiwa LOS inawaka nyekundu au inapepesa, mwanga haufiki kwenye kisanduku: uzi umekatika, umepindwa sana, au kifaa cha upande wa pili hakina umeme. Tatizo hilo liko kati yako na kituo cha kampuni yako mwenyewe, na atakayekutajia bahari hapo mwambie akuletee fundi mwenye ngazi. Ikiwa PON ni ya kijani na imetulia, LOS imezima, lakini hakuna kinachofunguka, nenda hatua ya pili. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, kisha andika tracert ikifuatwa na jina la tovuti ya chuo kikuu chochote cha Ulaya. Usitumie ile anwani maarufu ya 8.8.8.8 kwa kipimo hiki, kwa sababu ina nakala sehemu nyingi duniani na inaweza kukujibu ikiwa jirani tu.

Utaona mistari ikishuka mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa kituo ambacho data yako inapitia. Wa kwanza ni ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Miwili mitatu inayofuata ni ya kampuni yako, kisha huja majina au anwani za muuzaji wa jumla, na mahali fulani muda utaruka ghafla kutoka milisekunde kumi au ishirini hadi mia na zaidi: hapo umetoka nchini. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 10,000 za kebo hugharimu milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na hakuna fundi awezaye kuzipunguza. Namba uliyozoea kuiona kama 150 ikiwa 300 siku fulani, data yako imepitishwa njia ndefu, na hiyo ni dalili nzuri kwamba kuna kitu kimekatika mbali kweli. Mistari ikikoma kwenye ya kampuni yako, tatizo ni lao au ni la waya kati yao na anayewauzia. Alama za nyota (*) za hapa na pale katikati zisikutishe, kwani ruta nyingine zimezuiwa kujibu. Piga picha ya kioo kwa simu, saa ionekane, na fanya hivyo pia siku mtandao ukiwa mzima ili uwe na cha kulinganisha.

Saa zenyewe nazo zina ushahidi. Kebo iliyokatika haijui ni saa ngapi. Mtandao unaosuasua kila siku kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, kisha ukapona wenyewe watu wakilala, unaumwa ugonjwa wa msongamano: kampuni imeuza zaidi ya ilichonunua. Unaokatika dakika arobaini baada ya umeme wa mtaa kukatika unakuambia umri wa betri za kituo chao. Na ule unaozimika ghafla kwa wateja wote mwanzoni mwa mwezi, ukarudi mchana bila maelezo, wakati mwingine humaanisha kwamba wa juu hakulipwa. Katika miaka yangu kwenye kazi hii nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kila mara mteja aliambiwa ni hitilafu ya kiufundi.

Nirudi kwa jirani yako. Kampuni mbili zikikatika dakika ile ile, mara kwa mara, mahali fulani zina kitu kimoja cha pamoja. Huenda zinanunua kwa muuzaji yule yule wa jumla, huenda zimekodi nafasi kwenye faiba ile ile ya kwenda Dar es Salaam, huenda nyaya zao zimetundikwa kwenye nguzo moja hapo mtaani. Nilijifunza hili kwa aibu. Niliwahi kusimamia mtandao wa ofisi moja ambako nilimshawishi bosi alipie laini mbili za kampuni mbili, nikachora mchoro mzuri wenye mistari miwili na rangi mbili. Siku moja lori lililobeba kontena likaigonga nguzo mita mia moja kutoka getini, laini zote mbili zikafa pamoja. Nilipofika, mafundi wa kampuni zote mbili walikuwa wamesimama chini ya nguzo ile ile wakiazimana ngazi. Mchoro wangu ulionyesha ankara mbili. Nguzo haukuionyesha, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo iulize kampuni yako, kwa barua au barua pepe na si kwa simu: inanunua uwezo wa kwenda nje kwa wauzaji wangapi na ni akina nani, data ya Morogoro inashuka Dar es Salaam kwa njia moja au mbili, na je, njia hizo zinatumia mtaro mmoja popote, njia kuu ikikatika, ya akiba inabeba sehemu gani ya mzigo wa saa za jioni, na je, imeunganishwa TIX moja kwa moja. Kampuni iliyojipanga hujibu maswali haya kwa fahari kwa sababu ni sifa yake sokoni. Ikikuambia ni siri ya biashara, utakuwa umejibiwa. Swali la mtaro wengi hawalipendi, kwa kuwa hata wenyewe hawajawahi kwenda kuangalia.

Kuhusu fidia sitakupa matumaini ya bure. Ukikatikiwa mara nne kwa mwezi, saa tano kila mara, ni saa 20 kati ya 720, yaani umepata huduma kwa asilimia 97.2 ya muda. Malipo yako ni shilingi 4,000 kwa siku, hivyo saa hizo 20 zina thamani isiyofika shilingi 3,500 kwa bei yao, hata kama siku hiyo umerudisha wateja thelathini. Soma mkataba wako: ukikuta umeahidiwa asilimia 99, wanaruhusiwa kukosekana saa saba na dakika 12 kwa mwezi, na saa 20 ni uvunjaji ulio wazi, ukikuta hakuna namba yoyote, kama ilivyo katika vifurushi vingi vya bei ya chini, huna cha kuwapimia. Angalia pia kama kuna kifungu kinachowatoa lawamani kwa hitilafu za "watu wa tatu". Kifungu hicho, kikiandikwa kwa upana wa kutosha, humeza mkataba mzima, maana katika biashara hii karibu kila kitu ni cha mtu wa tatu.

Bado lalamika, na ulalamike kwa mpangilio. Peleka malalamiko kwa kampuni kwanza kwa maandishi, pata namba ya kumbukumbu, ambatanisha picha zako na orodha ya tarehe na saa. Wasiposhughulikia, peleka jalada hilo hilo TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo iliyowapa leseni, na unaweza kuomba msaada kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mdhibiti hana cha kufanya na neno "mtandao unasumbua". Akipewa jedwali la miezi mitatu lenye matukio kumi na moja na picha kumi na moja, ana cha kumuuliza mwenye leseni. Mwambie na jirani yako aandike la kwake, tarehe zikigongana itakuwa ushahidi mzito zaidi.

Fedha yako lakini iweke kwenye njia ya pili, usiisubiri kwenye fidia. Kwa duka la ukubwa wako ruta ndogo ya laini ya simu inatosha, mradi laini hiyo isiwe pacha wa faiba yako. Kabla ya kununua, azima simu za marafiki wenye mitandao tofauti, iunganishe kompyuta kwenye kila moja, na urudie ile tracert. Ukiona muuzaji wa jumla yule yule anajitokeza kwenye mistari ya katikati, mtandao huo hautakufaa siku ya shida. Jaribu pia siku faiba imekatika, ambayo kwa maelezo yako haiko mbali. Wapo watakaokushauri intaneti ya setelaiti za obiti ya chini, yaani Starlink, iliyoanza kuuzwa Rwanda na Kenya mwaka 2023. Ni njia tofauti kweli na nguzo za mtaani, ila usinunue huduma isiyo na leseni nchini, na usidhani yenyewe haina wa juu wake: Julai 2025 mtandao wa Starlink ulizimika kwa saa mbili na nusu duniani kote kwa hitilafu ya programu zake za ndani.

Laini hiyo ya akiba ukishaipata, iwekee bando dogo lisiloisha muda upesi, na mara moja kwa mwezi, siku faiba ikiwa nzima na foleni haipo, chomoa uzi makusudi ujaze fomu moja hadi mwisho, pamoja na kupakia cheti kilichoskaniwa. Kufungua ukurasa ni rahisi kwa mtandao wowote. Kupakia cheti cha megabaiti mbili ndiko kunakokuonyesha kama siku ya mwisho ya maombi utaendelea kuhudumia watu au utafunga mlango.